Natafuta ukoo wa mume wangu kwenye nyaraka za Uingereza za karne ya 19, nimefika 1858. Tusaidiane (KUNA MASAHIHISHO NDANI, usiishie posti ya kwanza)

#1 Mama Mapacha

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye chai achukue chai.

Naishi kaskazini mwa Uingereza, Lancashire, mwaka wa kumi na nne huu. Mimi wa Tanga, mume wa hapahapa. Baba mkwe ana miaka 82, na tangu mama mkwe afariki amekuwa mtu wa kukaa dirishani. Siku moja akaniambia kwamba anamjua bibi yake mzaa baba, alikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha pamba Preston, basi. Nyuma ya hapo giza. Anachokumbuka zaidi ni mdomo wake. Mitambo ya kufumia ilikuwa na kelele hata humsikii aliyesimama ubavuni mwako, kwa hiyo wafumaji wa Lancashire walizoea kuongea kwa midomo na mikono bila sauti, wenyewe wanaita "mee-maw". Bibi alistaafu, mdomo haukustaafu. Akitaka kumsema jirani aliyekaa sebuleni humohumo, aliwachezeshea wajukuu midomo tu, na jirani anakunywa chai yake hana habari.

Nikamwambia mzee nipe miezi sita.

Kwa wasiojua utaratibu wa huku: serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837. Sensa ni kila miaka kumi, na kuanzia 1841 makarani waliandika majina ya watu wote. Kila sensa inafungiwa miaka 100 ndipo watu waione, kwa hiyo ya karibuni kusomeka ni ya 1921. Ya 1931 iliteketea kwa moto 1942. Ya 1941 haikufanyika, ilikuwa vita. Basi unaanzia 1921 unarudi kinyumenyume.

1921 nikampata Bibi Mfumaji (majina nayaficha, tutawaita hivi hivi) akiwa na mume na watoto. Cheti chake cha kuzaliwa ni 1885, wazazi wake wapo. Nikaenda 1911, na hapo nilikaa kimya. Sensa za nyuma yake tunazosoma ni vitabu vya makarani, lakini ya 1911 ni fomu ileile aliyoijaza mkuu wa kaya kwa mkono wake. Na mwaka huo wanawake walioolewa waliulizwa: ndoa ina miaka mingapi, umezaa watoto wangapi wakiwa hai, wangapi wapo, wangapi wamekufa. Baba yake Bibi Mfumaji ameandika kwa wino mzito: miaka 31, watoto 9, waliopo 5, waliokufa 4. Ile 4 ameiandika, akaikata, akaiandika tena. Labda kalamu ilimwaga wino. Mimi nina mapacha, usiku ule sikuendelea.

Miaka 31 kutoka 1911 ni 1880, na cheti cha ndoa cha 1880 nimekinunua. Huyu baba tumwite Bwana Harusi. Ana miaka 21, kazi mfumaji wa pamba. Baba yake ni mfumaji, marehemu. Bwana Harusi ametia sahihi, bibi harusi ameweka alama ya X.

Ana 21 mwaka 1880, maana yake kazaliwa 1858 au 1859. Sensa ya 1861, Preston, huyo hapo: miaka 2, jina lilelile, baba ni fundi seremala mwenye mwanafunzi wake wa kazi. Cheti cha ndoa kinasema mfumaji, lakini watu hubadilisha kazi. Sensa ya 1871 sijawaona, nikairuka. Mtandaoni nimekuta watu tisa wana mti wa ukoo unaofanana na wangu, wote wameishia kwa seremala huyu huyu. Mzee nimeshamwambia, amefurahi, anasema ndiyo maana mikono yake inapenda mbao.

Naombeni mwenye uzoefu anisaidie kuvuka 1858. Nawasilisha.

#2 Kijana wa Makorora

Siti ya mbele nimekaa. Dada wa nyumbani kumbe yuko huko anafukua makaburi ya wazungu 😂

#3 Jogoo la Shamba

Samahani dada lakini haya yanatusaidia nini? Wazungu wana karatasi zao, wajitafutie. Wewe ukoo wako wa Tanga umeshaumaliza?

#4 Mama Mapacha

Kaka Jogoo, wa kwangu upande wa baba naujua kwa mdomo mpaka mtu wa sita, na ukitaka nitakutajia na nani alimkosesha nani shamba. Baba mkwe alikuwa haendi zaidi ya wa pili. Karatasi zipo, hakuna aliyezisoma. Wewe unadhani kila mzungu babu yake alikuwa lodi? Hawa walikuwa watu wa kuamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kiwandani. Halafu wanangu ni damu ya huko pia, nisiwatafutie?

#5 Mkutubi

Mama Mapacha, hongera kwa kazi. Mimi nafanya kazi maktaba moja huku huku Uingereza na wateja wa mambo haya nawaona kila wiki, niruhusu nikuharibie jioni.

Huyo mtoto wa seremala ulishamuua?

Nisieleweke vibaya. Kwenye kazi hii kila mtoto unayempata kwenye kizazi lazima kwanza ujaribu kumuua, yaani upekue vifo uone kama hakufa kabla hajafika ulikotaka afike. Karne ile England watoto karibu 150 kati ya kila 1,000 walikufa kabla ya mwaka mmoja, na miji ya viwanda kama Preston hali ilikuwa mbaya zaidi ya hapo. Faharasa ya vifo kwenye tovuti ya ofisi ya usajili ya serikali inaonyesha umri wa marehemu tangu 1837. Kuitafuta ni bure, unafungua akaunti tu. Faharasa za zamani umri ulianza 1866, ndiyo maana wengi walikuwa hawaoni.

La pili, unasema cheti kinamwita baba mfumaji na wewe umechukua seremala. Seremala alikuwa na ujuzi na mshahara wa kueleweka. Mfumaji kupanda kuwa seremala ni nadra, na seremala kushuka kiwandani kufuma kazi ya kike na ya vijana ni nadra zaidi.

La tatu, hao tisa mtandaoni si mashahidi tisa. Ni mmoja aliyekosea na wanane walionakili.

Na uliporuka 1871 ndipo ulipoteleza. Mashahidi wa ile ndoa ya 1880 ni akina nani? Hujawataja.

#6 Kijana wa Makorora

Ulishamuua 😳 nondo hii. Nasubiri.

#7 Mama Mapacha

Wakuu, nimerudi baada ya siku tatu. Mkutubi, ulivyosema ndivyo.

Mtoto wa seremala alifariki robo ya mwisho ya mwaka 1862. Miaka 4. Cheti kimekuja leo: surua, na aliyetoa taarifa ni mama yake. Mimi mtoto wa watu aliyezikwa ana miaka 4 nimemuoza, nikampa watoto tisa na wajukuu, nikampa na baba mkwe anayependa mbao. Nimekaa nacho kile cheti mezani nikajiona mjinga, halafu nikamwonea huruma yule mama ambaye si wa kwetu hata kidogo.

Mzee nimemwambia ukweli. Akacheka, akasema basi itabidi aache kutengeneza rafu.

Sasa mashahidi. Nilikuwa sijawatazama! Wa kwanza ni mwanamume, jina silijui. Wa pili ni mwanamke mwenye jina la ukoo sawa na Bwana Harusi, naye ameweka X. Huyu tumwite Shangazi Shahidi. Kama ni dada yake, basi natafuta nyumba yenye hao wawili pamoja, si kijana peke yake.

Kwa majina ya ukoo bado nikatoka kapa. Ndipo nikafanya alichonifundisha Mkutubi inbox: acha jina la ukoo wazi kabisa, weka jina la kwanza la kaka, jina la dada, umri na Preston. Wakaja! Jina lao linaanza na A, karani wa sensa kaliandika kwa H. Watu wa huku wanaimeza H ya mwanzo wakiongea, sasa karani akidhani anasahihisha lafudhi ya mtu humwekea H hata pasipostahili. Fikiria karani mgeni anayemwandika Asani kuwa Hassani na kinyume chake, halafu wewe mjukuu umtafute kwa tahajia moja.

Nyumba ya 1871 ni hii: mama, mjane, miaka 38, kazi yake kufanya usafi kwenye nyumba za watu. Binti miaka 15, mfumaji wa pamba. Kijana miaka 12. Na wapangaji wawili wanaume. Nyumba za mtaa ule zilikuwa na vyumba viwili chini na viwili juu.

Kazi ya kijana siwezi kuisoma. Imeanza kwa neno la nusu siku, sheria ya viwanda ya 1844 iliruhusu mtoto wa miaka 8 mpaka 13 kufanya kazi nusu siku na nusu nyingine awe shuleni. Linalofuata ni kama "Tenler" au "Painter". Tovuti ya kulipia niliyotumia imenukuu "Printer". Mtoto wa miaka 12, nusu siku, mpiga chapa? Sikubali. Kipande cha picha nimekiweka hapa, mwenye macho anisaidie.

Nikarudi 1861 na H yangu. Baba yupo hai: mfumaji wa mitambo, miaka 29. Mama 28, binti 5, kijana 2. Hii ndiyo nyumba. Na kwenye faharasa ya vizazi jina la ukoo la mama kabla hajaolewa linalingana kwa watoto wote wawili.

#8 Mkutubi

Sasa umekaa. Fuata nyumba, mtu mmoja mmoja atakupotosha. Watu maskini walihama kila miezi, wakabadilisha kazi, umri wao wakaukadiria, lakini dada anabaki dada, na jirani wa 1861 mara nyingi ndiye shahidi wa 1880. Yule shahidi mwanamume mtafute kwenye kurasa za jirani na nyumba ya 1871. Dau langu ni mmoja wa wapangaji au mtoto wa jirani.

#9 Mama Mapacha

Mpangaji. Yule kijana zaidi kati ya wawili. Na miaka miwili baada ya harusi alimuoa Shangazi Shahidi mwenyewe 😂

#10 Babu Merikani

Wajukuu, nimesoma kwa utulivu. Mama, huyo baba wa miaka 29 alikufa lini? Nauliza kwa sababu ya miaka uliyoitaja. Sisi Unguja kitambaa kile cheupe kizito tuliita merikani kwa sababu kililetwa na meli za Wamarekani, za Salem hasa. Walipoingia vitani wenyewe kwa wenyewe mwaka 1861, merikani ikakauka sokoni, Waingereza na wafanyabiashara wa Bombay wakapata mwanya wa kuleta nguo zao. Vita hiyohiyo ilizuia pamba kufika kwa hao watu wako. Mimi jina hili nalitumia kwa sababu marehemu babu alikuwa mshoni.

#11 Mama Mapacha

Shikamoo babu. Umegusa penyewe.

Usiku wa sensa ya 1861 ulikuwa wa tarehe 7 Aprili. Vita ya Marekani ilianza tarehe 12 Aprili. Kwa hiyo ule ukurasa wangu wenye baba, mama, binti na kijana, baba akiwa na kazi na wote wakiwa na afya, uliandikwa siku tano kabla ya risasi ya kwanza ya vita iliyokuja kuwamaliza. Karani kapiga mstari chini ya nyumba yao, kaenda ya pili.

Kilichofuata huku kinaitwa njaa ya pamba, 1861 mpaka 1865. Lancashire ilikuwa inakula pamba ya watumwa wa kusini mwa Marekani. Meli za kaskazini zikaziba bandari za kusini, pamba ikakatika. Mwanzoni viwanda vilikuwa na akiba ghalani, kufikia mwaka 1862 vingi vimefungwa au vinafanya siku mbili tatu kwa wiki. Desemba 1862 watu kama nusu milioni walikuwa wanaishi kwa msaada. Pamba ya India ilipoletwa nyuzi zake fupi zilikatikakatika mtamboni, na mfumaji analipwa kwa kipande, kwa hiyo hata aliyekuwa na kazi alirudi nyumbani na senti.

Baba alikufa Februari 1863, miaka 30. Kifua kikuu. Cheti cha kifo cha huku hakitaji wazazi wa marehemu, lakini kinamtaja mtoa taarifa, na ni mkewe, na X. Hiyo X ni mistari miwili isiyokutana vizuri, mmoja umeanzia juu sana kama mtu aliyeshikwa mkono kuonyeshwa pa kuweka. Karani ameandika jina lake pembeni yake, safi, kwa mapambo.

Nitakiri kitu. Nilitamani sana baba huyu awe mmoja wa vibarua waliotengeneza bustani za Avenham na Miller hapo Preston, maana zilitengenezwa na wafanyakazi wa pamba waliokosa kazi, na wanangu wanacheza pale kila Jumapili. Ingekuwa hadithi tamu kumsimulia mzee. Lakini sheria ya kazi za umma kwa wilaya za viwanda ilipita Julai 1863 na yeye alishazikwa miezi mitano. Tarehe zinakataa, nimeacha.

#12 Binti wa Kisauni

Salamu toka Mombasa. Si hao ndio wafanyakazi waliomwandikia Lincoln barua kwamba wako radhi wafe njaa kuliko kufuma pamba ya watumwa? Nilisoma kuna sanamu yake Manchester kwa sababu hiyo. Huyo babu yenu ni shujaa basi!

#13 Mama Mapacha

Dada Kisauni, barua ilikuwepo kweli. Mkutano ulifanyika Manchester tarehe 31 Desemba 1862, na Lincoln akajibu tarehe 19 Januari 1863. Sanamu ipo, nimepiga nayo picha.

Ila usiwavike wote kilemba. Kuna miji ya Lancashire watu wake waliitaka kusini ishinde ili pamba irudi, na njaa ikiingia ndani mtu hafikirii mtumwa wa Mississippi, anafikiria mkate. Machi 1863 Stalybridge walifanya fujo, wakavunja maduka, kwa sababu kamati ya misaada ilitaka kuwapa tiketi za duka badala ya pesa taslimu. Babu yetu hakuacha neno lolote la kisiasa. Hata kuandika sijui kama aliweza. Siwezi kumpa ushujaa ambao hakuusaini.

#14 Jogoo la Shamba

Sasa hapo nimekuelewa dada. Endelea. Yule mjane na watoto wawili waliishije?

#15 Mama Mapacha

Karibu kaka, nilijua utarudi.

Mjane hakuolewa tena. 1871 anasafisha nyumba za watu na kupangisha. 1881 anaishi na Shangazi Shahidi. 1891 yuko kwa Bwana Harusi, nyumba ina watu tisa. 1901 nilimtafuta kwa watoto wake wote wawili sikumwona, na nilishaanza kumuua, kama Mkutubi alivyonifundisha. Hayupo kwenye vifo.

Alikuwa kwenye nyumba ya maskini.

Kwa wasioijua: baada ya sheria ya 1834, maparokia yaliunganishwa na kila muungano ukatakiwa kuwa na jengo kubwa ambamo asiyejiweza anaingizwa. Ukiingia unavua nguo zako unavaa zao, wanaume upande wao, wanawake upande wao, hata mume na mke. Kusudi lilikuwa pawe pabaya kiasi kwamba mtu aone afadhali kazi yoyote ya nje. Mwishoni mwa karne wengi waliokuwemo ni wazee kama huyu, watoto wanawapenda lakini nyumba haina pa kulaza mtu.

Ukurasa wa sensa wa nyumba ile hauna kaya. Ni orodha tu ya majina chini kwa chini, kurasa kwa kurasa, na kwenye safu ya uhusiano badala ya mke, mama, binti, kila mtu ni "pauper", yaani fukara. Yeye ana miaka 68. Kazi: mfumaji wa pamba, zamani. Miaka thelathini na kitu ya kupiga deki kwa watu haikuhesabiwa, yeye mwenyewe, au aliyemwandika, alirudi kwenye kazi ya ujana.

Alikufa 1904. Pensheni ya uzee, shilingi tano kwa wiki kwa waliofika miaka 70, ilianza tarehe 1 Januari 1909.

Hili mzee sikumwambia siku ileile. Nilingoja mpaka mume wangu awepo. Alichouliza ni kama bibi yake, Bibi Mfumaji, alijua. Mwaka 1901 alikuwa na miaka 16 na yuko kiwandani, na anayelala kule ni mama wa baba yake. Alijua. Na hakuwahi kulisema, si kwa sauti wala kwa midomo.

#16 Kijana wa Makorora

Duh.

#17 Mpenda Bei Chee

Poleni na hongera. Mimi nina swali la mfukoni. Hivi vyeti na tovuti umetumia kiasi gani? Na DNA?

#18 Mama Mapacha

Nimetumia nyingi kuliko nilivyomwambia mume. Ungekuwa mimi ungefanya hivi: FamilySearch ni bure, na sensa nzima ya 1881 ina unukuzi wake wa bure. FreeBMD ni ya watu wanaojitolea, bure. Kwa Lancashire kuna Online Parish Clerks, nao ni wa kujitolea, wamenakili madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko ya makanisa mengi, hawa Mungu awabariki. Ancestry na Findmypast ni za kulipia lakini maktaba nyingi za umma huku unakaa kwenye kompyuta yao unazitumia bila senti, kumbe mimi nililipia miezi minne kabla Mkutubi hajaniambia. Cheti usinunue mpaka faharasa imekubali. Ramani za zamani za mitaa, hata za England, Maktaba ya Taifa ya Scotland wameziweka mtandaoni bure, na mtaa wetu upo pale nyumba kwa nyumba, kiwanda kipo mwisho wa barabara. Leo ni maegesho ya magari ya supamaketi.

DNA tulifanya. Imekubaliana na upande wa Shangazi Shahidi, tukashukuru. Sina zaidi.

#19 Mkutubi

Na nyuma ya 1861 umefika? Usiniambie umechoka.

#20 Mama Mapacha

Sijachoka. 1851 yule baba ana miaka 18, yuko na wazazi wake Preston, na karani wa mwaka huo ameandika kijiji alichozaliwa kila mmoja: Walton-le-Dale, ng'ambo tu ya mto Ribble. 1841 wapo hukohuko kijijini. Lakini sensa ya 1841 ni ya kubahatisha, uhusiano wa watu hausemi, na watu wazima umri waliushusha mpaka kwenye tano, wa 44 kaandikwa 40. Watoto ndio umri wao wa kweli. Yeye ana 8.

Daftari la ubatizo la 1832 ndilo lililofunga. Tangu 1813 makanisa ya Anglikana yalitumia madaftari yenye mistari iliyochapwa, na baba lazima atajwe kazi yake na makazi. Kazi: mfumaji. Hii si ya kiwandani, ni ya nyumbani, kitanda cha mfumi kimesimama ndani ya nyumba chumba cha chini chenye unyevu, maana pamba ikikauka inakatika. Mitambo ya mvuke ilipoenea bei ya kazi yao ilianguka mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo kati ya 1841 na 1851 walifunga virago wakavuka daraja kwenda kufanya kazi kwenye kiwanda kilichoua kazi yao ya nyumbani. Mwendo wa saa moja kwa mguu. Nimeutembea na mapacha, walilalamika njia nzima.

Mkutubi nimekwama kwa babu aliye nyuma ya hapo, watu watatu jina moja kijiji kimoja. Nitarudi. Ila lile neno la 1871 bado linanikera.

#21 Mhudumu wa Wazee

Dada, mimi sikuwa na mpango wa kuandika, nasoma tu. Nipo Burnley, nahudumia wazee majumbani. Nimetazama kipande cha picha ulichoweka. Hiyo ni "tenter". Bibi mmoja niliyekuwa namhudumia, mfumaji, alikuwa analitaja neno hilo. Ni mtoto anayemsaidia mfumaji: anabeba nyuzi, anafagia chini ya mtambo, anatumwa. Mfumaji ndiye anayemlipa kutoka kwenye ujira wake mwenyewe. Angalia vizuri nyumba hiyo, una binti wa miaka 15 mfumaji. Huenda kijana alikuwa anamsaidia dada yake.

#22 Mkutubi

Ni tenter. Nimeikuza picha, herufi ya nne ni t iliyosahau mstari wake. Aibu yangu.

#23 Mama Mapacha

Asante sana ndugu yangu wa Burnley.

Leo asubuhi nimempelekea mzee chai, nikamuuliza tu bila kumwonyesha karatasi: tenter ni nini? Hakufikiri hata kidogo. Akasema bibi alipokuwa anafua, wao wajukuu walishika shuka upande wa pili ili alikunje, na aliwaita hivyo: haya, tenta wangu, vuta.

Nimetuma sahihisho kwenye ile tovuti wafute "Printer". Wamejibu kwamba wamelipokea.